Nimchagulie baba picha ipi kati ya hizi tatu: ya baiskeli, ya mtoto wa Paris, au ya Ali wa Munich?

MpwaniHamburg

Wakuu, hamjambo. Mwezi ujao narudi Tanga kwa wiki tatu, na nia yangu ni kukaa sebuleni na baba tutazame picha moja pamoja. Ni moja tu, maana macho yake siku hizi yanachoka upesi. Ana miaka 76. Zaidi ya miaka ishirini aliuza mikate kwa baiskeli, akiichukua alfajiri Ngamiani na kuizungusha mpaka Raskazone. Ujanani alipenda sana sinema za Kihindi, na mpaka leo anasema "picha", hasemi filamu.

Nina DVD tatu nilizonunua hapa Hamburg kwenye soko la vitu vilivyotumika. Zote nimezitazama si chini ya mara mbili, usiku, baada ya kazi.

Ya kwanza ni Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, 1948. Roma baada ya vita, kazi hakuna. Antonio anapata kazi ya kubandika mabango, sharti awe na baiskeli, na baiskeli yake iko rehani. Mkewe Maria anatandua mashuka ya kitanda, wanayapeleka rehani ili baiskeli itoke. Siku ya kwanza kazini baiskeli inaibwa, na kuanzia hapo ni Antonio na mwanawe mdogo Bruno wakiisaka mji mzima. Mara ya kwanza niliisimamisha katikati nikatoka roshani kupata hewa. Nilikuwa namwona baba.

Ya pili ni Les Quatre Cents Coups ya François Truffaut, 1959. Mtoto Antoine nyumbani ni kama mgeni, shuleni mwalimu kamchoka, na siku moja akitafuta udhuru wa utoro anasema mama yake amekufa. Naipenda mno, lakini nikiitazama namfikiria mwanangu kuliko ninavyomfikiria baba.

Ya tatu ni Angst essen Seele auf ya Rainer Werner Fassbinder, 1974. Emmi, mjane anayefanya usafi Munich, anaolewa na Ali, kibarua kutoka Morocco aliye mdogo sana kwake. Hii imenigusa mimi mwenyewe kuliko zote. Nimeishi Ujerumani miaka tisa. Namna watu wanavyowatazama wale wawili bila kusema neno, naijua kwa mgongo wangu.

Mpaka sasa moyo uko kwenye baiskeli. Lakini je, si ukatili kumwonyesha mzee aliyetulea kwa baiskeli mtu anayeibiwa baiskeli? Halafu maandishi ya chini kwenye DVD zangu ni Kijerumani na Kiingereza. Baba anasoma Kiswahili na Kiarabu.

FundiDeki

Mkuu, kabla ya kuchagua picha, hakikisha deki itaisoma. DVD za Ulaya zimefungiwa ukanda namba 2, na sisi Afrika Mashariki tumewekwa namba 5. Deki inayofuata masharti itakuandikia kwamba DVD hairuhusiwi, na hapo safari yako imeishia. Deki nyingi za bei nafuu zinasoma zote, ila usibahatishe. Mwambie aliye nyumbani aangalie nyuma ya deki kama kuna alama ya dunia yenye namba ndani. Akikuta 5 peke yake, beba deki yako kutoka huko. Blu-ray hazina tabu hii, kwani Ulaya na Afrika tuko pamoja kwenye herufi B. Wenye ndugu Marekani ndio waangalie, kule ni A.

La pili, na hili naliona karibu kila nyumba ninayoitwa kufunga TV. Picha ya 1948 ni karibu mraba. TV za sasa ni pana, kwa hiyo lazima pembeni pabaki weusi kushoto na kulia. Watu wanaona weusi ule kama hasara, wanabonyeza rimoti picha ijae, na nyuso zote zinavimba. Antonio ni mtu mwembamba mwenye njaa, na ukimtanua anakuwa mtu aliyeshiba. Iache 4:3, umbo lake la karibu mraba. Ile ya Truffaut ni kinyume chake, ilipigwa pana sana, weusi utakuwa juu na chini. Usiguse rimoti.

BiMaskati

Mwanangu, Mungu amuweke mzee wako. Mimi niko Muscat, niliitazama ya baiskeli kwenye DVD aliyoniletea binti yangu, na nitasema la wanawake maana nyote mtamsema Antonio.

Yale mashuka. Kwetu bibi harusi anaingia na mashuka yake, na mengine hayatandikwi mpaka apatikane mgeni wa heshima. Maria anayavuta kitandani kwa hasira, hajalia. Halafu rehani pale karani analichukua furushi lake, anapanda nalo kwenye makabati, anapanda, na tunaona makabati yale yamejaa mafurushi ya mashuka ya watu mpaka darini. Nilimwambia binti yangu asimamishe. Nikatazama lile dari nikawafikiria wanawake wa mji mzima wanaolala juu ya godoro tupu. Hakuna aliyesema neno. Picha za siku hizi wangemwekea Maria maneno ya dakika tano.

Mpelekee hiyo. Na kama mama yako yuko hai, aketi naye.

MwalimuUjiji

Natoa hoja ya Antoine, maana naona atakosa mtetezi.

Nimefundisha miaka 31. Nilipoitazama ile filamu kwenye kompyuta ya mwanangu, sikuweza kulala. Mtoto anamsoma Balzac kwa mapenzi ya kweli, anamwekea picha ukutani na mshumaa mpaka pazia linashika moto. Anaandika insha kwa kumfuata mwandishi anayemwabudu, na mwalimu anamwita mwizi wa maandishi. Nimewahi kuwa mwalimu huyo. Namkumbuka mwanafunzi, nakumbuka dawati alilokalia.

Kuna sehemu mwanasaikolojia anamhoji Antoine. Muulizaji hatumwoni hata mara moja, tunamwona mtoto tu, anajibu, anakuna pua, anacheza na vidole. Yule mtoto Jean-Pierre Léaud aliachwa ajibu kwa maneno yake. Kwa mzazi au babu yeyote, dakika zile ni somo la kusikiliza.

Jina nalo watu hulitafsiri vibaya. "Mapigo mia nne" halina maana ya viboko. Wafaransa wakisema mtu anafanya mapigo mia nne, wanamaanisha utundu uliopita mipaka, anayefanya kila kisichofanywa. Nilipokuwa sijui hilo nilikaa nikisubiri mtoto apigwe.

Ila nakiri, kama mzee aliishi kwa baiskeli, hoja yangu ni dhaifu. Nimeiandika ili usiisahau siku ya kukaa na mwanao.

MwanaKisumu

Sasa wenzangu. Hapa kwetu bodaboda zilianza na baiskeli, kabla ya pikipiki kuchukua kila kitu. Mjomba wangu alibeba abiria kwa baiskeli tangu nikiwa mdogo. Mwaka jana nilimwekea hii ya De Sica kwa flashi.

Unauliza kama ni ukatili. Nikuambie alivyoitazama. Antonio alipopanda ngazi kubandika bango, baiskeli ameiegemeza tu ukutani, mjomba alisimama kwa kiti akasema kwa sauti, "Baiskeli ya kazi huwezi kuipa mgongo!" Hata kabla mwizi hajatokea. Mimi nilikuwa nimeitazama mara tatu na sikuwahi kuliona hilo kosa. Wale wawili walipoenda sokoni kutafuta, nikaona mjomba amesogea karibu na TV. Alikuwa anaangalia fremu, kengele, pampu, kwa sababu baiskeli iliyoibwa huuzwa ikiwa vipande, na De Sica analijua hilo pia: wanagawana kazi, huyu atazame tairi, huyu fremu. Mjomba alisema huyo aliyetengeneza picha lazima aliwahi kuibiwa.

Hakuumia, ndugu. Alifurahi kwamba kuna mtu aliona kazi yake inastahili sinema.

Kuhusu lugha, tafsiri mwenyewe kwa mdomo. Sisi tumekulia kwa mabanda ya video, DJ anaongea juu ya picha na mzee yeyote anaelewa.

MwalimuUjiji

Naunga mkono, kwa sharti moja. DJ wa bandani kazi yake ni kujaza kila nafasi kwa maneno, na kwa picha za ngumi inafaa. Hii ina ukimya mrefu wenye kazi yake. Mwambie mzee jambo kabla ya tukio, kisha nyamaza. Hotelini, Bruno anapokula jibini lililokaangwa ndani ya mkate na kugeuka kumtazama mtoto wa kitajiri meza ya nyuma, ukitafsiri utaharibu.

Na msiwe na unyonge wa kukosa sauti "ya asili". Waitaliano wa zama hizo walizoea kuingiza sauti studioni baada ya kupiga picha. Aliyeigiza Antonio, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, hakuwa mwigizaji. Mtayarishaji wa Marekani David O. Selznick alikuwa tayari kutoa fedha kama Antonio atakuwa Cary Grant, nyota mtanashati wa Hollywood. De Sica alikataa. Fikiria Cary Grant akikosa nauli.

NuruKoeln

Nimesoma yote na sikubaliani nanyi, kaka MpwaniHamburg naomba unisikilize.

Baba yako anaijua baiskeli. Anaijua rehani, anajua kurudi nyumbani mikono mitupu. Asichokijua ni maisha yako. Umeandika mwenyewe kwamba ya Ali ndiyo iliyokugusa kuliko zote, halafu umeiweka ya tatu na hukuifikiria hata kidogo. Kwa nini?

Mimi naishi Köln miaka kumi na mbili. Nikipiga simu nyumbani nasema salama, kazi nzuri, baridi imepungua. Nilipoona watoto wa Emmi wanatambulishwa kwa Ali, kimya, kisha mtoto wa kiume anainuka na kuivunja TV ya mama yake kwa teke, nilipata kitu cha kuwaonyesha wazazi ambacho sikuwahi kupata maneno yake. Na Fassbinder hakuishia kwenye ubaya wa majirani. Emmi ametengwa na wenzake kazini, anakula peke yake ngazini. Baadaye anakuja mfanyakazi mpya kutoka Yugoslavia, naye anaachwa peke yake ngazini vilevile, na safari hii Emmi amekaa upande wa wanaotenga. Niliona aibu, kwa sababu nimewahi kukaa upande huo.

Hata jina limevunjika sarufi. Kijerumani sahihi si hivyo, ni Kijerumani cha Ali: "Hofu kula roho." Nilipofika hapa nilizungumza hivyo hivyo, na watu walinijibu kwa sauti ya kumjibu mtoto.

Mama yangu aliitazama nami alipokuja kunitembelea. Ali anatamani kuskusi na Emmi anamwambia azoee chakula cha Kijerumani. Mama hakusema kitu. Kesho yake asubuhi nilimkuta jikoni anakuna nazi aliyoitafuta mwenyewe dukani.

MpwaniHamburg

Dada Nuru, sina jibu. Nimekaa na swali lako tangu jana. Labda naichagua baiskeli kwa sababu kwa hiyo baba ndiye atakayezungumza, na kwa ya Ali itabidi nizungumze mimi.

BiMaskati, shikamoo. Mama alifariki 2011.

FundiDeki, mdogo wangu ameangalia, deki haina alama yoyote. Nabeba yangu. DVD zote tatu ziko ndani ya begi.

FundiDeki

Sawa mkuu. Jambo dogo la mwisho: DVD za Ulaya zinakwenda fremu 25 kwa sekunde wakati filamu ilipigwa kwa 24, hivyo ya dakika 100 inaisha kwa 96 na sauti inapanda kidogo. Mzee hatagundua, ila usihesabu dakika kwenye kasha ukadhani imekatwa.

MpwaniHamburg

Wakuu, nawaandikia kutoka Tanga. Tumeitazama juzi, ya baiskeli, baada ya magharibi.

Nilifanya kama alivyosema mwalimu, nikitangulia kidogo na kunyamaza. Baba alikaa wima muda wote. Mwishoni, Antonio anapokamatwa akiiba baiskeli ya mtu na Bruno anaokota kofia ya baba yake na kuifuta vumbi, baba alitazama pembeni. Mwenye baiskeli alipoamua kumwachia, akauliza, "Kamwachia?" Nikasema kamwachia. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kutawadha.

Nikadhani nimemuumiza. Asubuhi, tukinywa chai, akaniambia kwamba mwaka niliokuwa darasa la pili baiskeli yake iliibwa pale sokoni Ngamiani, na mikate ikiwa bado kapuni. Sisi watoto aliambiwa kila mmoja kwamba iko kwa fundi. Nakumbuka hilo, nakumbuka fundi aliyechukua muda mrefu mno. Kumbe wiki tatu alizunguka kwa miguu na kapu begani. Ile baiskeli nyingine, nyeusi, niliyojifunzia kuendesha, ilitokana na doti sita za kanga za mama ambazo alikuwa hajazikata bado. Nina miaka 44 na sikuwahi kuisikia habari hii.

Jana usiku ameniomba niirudie, pale kwenye mashuka tu. Tumepatazama mara mbili. Yule karani anapopanda makabatini, baba alikuwa anahesabu mafurushi kwa kidole.

BiMaskati

Mungu amrehemu mama yako, mwanangu. Doti sita.

NuruKoeln

Allahumma amin. Kaka, umebakiza siku ngapi huko?

MpwaniHamburg

Tisa. Deki bado haijafungwa.