Mjadala: Maabara ya shule yenye kompyuta za 2009, tuweke Minecraft ya zamani au tuhamie Luanti?

Mratibu wa Maabara
Wakuu, hoja hii imewagawa walimu wa TEHAMA pande mbili, na kila upande una sababu zake. Chukueni maabara ya shule yenye kompyuta 12 za mtumba, Dell OptiPlex 780: prosesa Core 2 Duo E8400, RAM 4GB, grafiki ya ndani ya Intel GMA 4500, diski ya kuzunguka, swichi ya megabiti 100. Wanafunzi wanataka mchezo wa kujenga kwa pamoja, na wanaoujua ni mmoja tu, Minecraft. Upande wa kwanza unasema tuweke toleo la zamani, mashine zitalibeba. Upande wa pili unasema hela za wazazi zisiende kwenye akaunti za kampuni, tuweke Luanti, ile programu huria iliyoitwa Minetest hadi Oktoba 2024. Mnasemaje? Naomba hoja zenye vipimo.

Fundi Ubaomama
Tuanze na chipu ya grafiki, maana hiyo ndiyo inayofunga mlango, wala si prosesa. GMA 4500 inaishia OpenGL 2.1 (OpenGL ni lugha ambayo mchezo huitumia kuiamuru chipu ichore). Minecraft ya Java (ile iliyoandikwa kwa lugha hiyo ya programu) kuanzia toleo 1.17 inadai OpenGL 3.2. Hapo hata ukiongeza RAM hadi 8GB hupati kitu: dirisha linafunguka, linafunga, linakuachia kosa la GLFW namba 65543, yaani toleo la OpenGL linalotakiwa halipo. Ukiona 65542 hilo ni tatizo jingine. Maana yake Windows haikupata draiva ya Intel, inaendesha skrini kwa draiva yake ya msingi isiyo na OpenGL ya kuutosha mchezo huu. Kwenye mashine hizi hilo ni jambo la kawaida ukiziwekea Windows 10. Dawa yake ni Linux Mint ya Xfce au Debian, draiva ya GMA inakuja nayo humohumo.

Kwa hiyo dari ya mashine hizi ni 1.16.5. Nayo inachezeka ukiipunguzia mzigo: Java 8 ya biti 64, -Xmx1G (kikomo cha RAM anayopewa Java) na isizidi 1536M, OptiFine (nyongeza ya kuupunguzia mchezo mzigo wa grafiki), umbali wa kuona vipande 4 hadi 6, mawingu yazimwe, mwanga laini uzimwe, fremu zifungwe kwenye 30. Wengi hukosea kwenye -Xmx. Mtu ana RAM 4GB, anaipa Java 3GB akidhani anausaidia mchezo. Mfumo wenyewe unataka yake, grafiki ya ndani nayo inakula RAM hiyohiyo, kompyuta inaanza kuandika kwenye diski ya kuzunguka, na kila kitu kinaganda sekunde tatu tatu.

Mimi niko upande wa toleo la zamani. Wanafunzi wanalijua, vitabu na video zake zimejaa kila mahali.

Mlinzi wa Seva
Fundi, umesahau Desemba 2021. Matoleo ya Minecraft kuanzia 1.7 hadi 1.18 yalikuwa na tundu la Log4j. Mchezo huandika mazungumzo ya wachezaji kwenye faili la kumbukumbu, na Log4j, maktaba inayofanya uandishi huo, ilikuwa inatii maagizo yaliyofichwa ndani ya maandishi yenyewe. Mtoto akibandika mstari unaoanza na `${jndi:ldap://` kwenye mazungumzo, seva inaenda kuchukua msimbo huko nje na kuuendesha. Kompyuta za wachezaji wengine nazo vilevile, kwa kuwa zinaandika mazungumzo hayohayo.

1.18.1 iliziba. Matoleo ya nyuma, kizinduzi rasmi, yaani programu inayoufungua mchezo, kilijirekebisha chenyewe upande wa mchezaji. Seva haikujirekebisha. Kwa 1.12 hadi 1.16.5 lazima upakue faili la Mojang, watengenezaji wa Minecraft, liitwalo log4j2_112-116.xml, uliweke kwenye folda ya seva, kisha uiwashe kwa kuongeza `-Dlog4j.configurationFile=log4j2_112-116.xml`. Kwa 1.7 hadi 1.11.2 faili ni log4j2_17-111.xml. Na ukitumia kizinduzi cha kunakiliana kwenye flashi, huna uhakika na lolote. Shule inayoweka matokeo ya wanafunzi kwenye mtandao huohuo wa ndani isicheze na jambo hili.

Fundi Ubaomama
Sikatai. Faili ni moja na mstari ni mmoja, kazi ya dakika kumi. Hiyo haitoshi kuwa sababu ya kuuacha mchezo.

Binti Mtandao
Kaka Fundi, dakika kumi ni za mtu anayejua. Ila hoja yangu ni nyingine: akaunti. Kila mchezaji wa toleo la Java anahitaji akaunti ya Microsoft iliyolipiwa mchezo. Akaunti za zamani za Mojang zilifungiwa kuhamishwa 19 Septemba 2023, aliyechelewa amekwama. Wanafunzi 40 wanaopokezana kwenye mashine 12 wataingiaje? Mkinunua akaunti 12 za shule, jina linakuwa la kiti, si la mwanafunzi. Anayekaa kiti namba 5 asubuhi anavunja kilichojengwa na aliyekaa hapo jana, na hujui ni nani.

Halafu intaneti. Kwenye server.properties, faili la mipangilio ya seva ya Minecraft, `online-mode=true` inailazimu seva kuuliza Microsoft kila anapoingia mtu. Kifurushi kikiisha katikati ya kipindi, waliomo wanaendelea, aliyetoka harudi. Mafundi wengi hapo hukimbilia `online-mode=false`. Ukifanya hivyo, yeyote anaingia kwa jina lolote, pamoja na jina la mwalimu mwenye mamlaka ya seva. Orodha ya walioruhusiwa nayo haikusaidii, maana inalinganisha jina tu.

Luanti inaweka majina na pasiwedi kwenye seva yenyewe. Intaneti ikikatika mwezi mzima, darasa linaendelea. Mwanafunzi anahama kiti, jina lake linamfuata. Weka `disallow_empty_password = true` ili asiingie mtu bila pasiwedi, basi.

Kalamu ya Eastlands
Naomba tusiisahau sababu ya watu kuitaka Minecraft. Mpango wa Block by Block, ushirikiano wa Mojang na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao yake hapa Nairobi, ulianza 2012, na uwanja wa Silanga kule Kibera ulikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Wakazi wasiojua kusoma ramani ya mhandisi waliweza kuonyesha taa iwe wapi na njia ipite wapi kwa kupanga matofali kwenye skrini. Mwalimu anapoomba mchezo huu, anaomba kitu chenye kazi. Swali langu kwa dada Binti: Luanti inaweza kazi hiyo, au ni kivuli tu?

Binti Mtandao
Inaweza. Tofauti moja inawashangaza wengi: Luanti peke yake ni injini, ukiifungua hukuti dunia ndani. Unachagua mchezo juu yake, na kwa waliozoea Minecraft chagueni Mineclonia au VoxeLibre. Kwa upangaji wa eneo washa hali ya ubunifu, kila mtu awe na matofali yasiyoisha.

Hatua ni hizi. Mashine yenye RAM nyingi iwe seva, bila kuchezewa, imechomekwa kebo na si kwa Wi-Fi. Luanti isikilize mlango wa mtandao wa UDP namba 30000. Ukifungua TCP peke yake kwenye ukuta wa usalama utakesha unatafuta kosa. Wachezaji wanaowekwa kwa kawaida ni 15, wanatosha kwa mashine 12. Kwenye mashine za wanafunzi sakinisha injini tupu, kwa sababu seva inawagawia picha na sauti wanapoingia, nazo nyongeza huendeshwa kwenye seva yenyewe. Mara ya kwanza itachukua muda, hasa 12 wakiingia pamoja kwenye swichi ya megabiti 100, kwa hiyo waingie watatu watatu. Toleo la injini liwe lilelile kila mahali. Kisha `viewing_range`, yaani umbali wa kuona, ishuke kutoka 190 hadi 60, `fps_max` 30, `leaves_style = opaque` (majani yasiyopitisha macho), `enable_clouds = false`, `smooth_lighting = false`. Hiyo ya majani ni ndogo kwa jina, lakini msituni ndiyo inayoonekana: majani yanayopitisha macho yanailazimu chipu kuchora kila tabaka la nyuma.

Mlinzi wa Seva
Niongeze umeme. Seva ya kawaida ya Minecraft hujihifadhi yenyewe kila dakika tano hivi, kwa hiyo umeme ukikatika unaweza kupoteza dakika hizo, na faili la eneo lililokuwa linaandikwa likaharibika. Luanti huandika ramani kila sekunde 5.3 kwenye hifadhidata ya SQLite. Hata hivyo, seva peke yake ipewe UPS, na nakala ichukuliwe seva ikiwa imezimwa. Kunakili `map.sqlite` huku watu wanacheza kunaweza kukupa nakala isiyofunguka.

Fundi Ubaomama
Hoja ya akaunti nimeikubali, Binti. Hilo sikulipima. Lakini wowote mtakaouchagua kati ya michezo hii miwili, mashine zenyewe mzishughulikie kwanza. Grafiki ya ndani inategemea kasi ya RAM, kwa hiyo vijiti viwili vya 2GB kwenye nafasi pacha vinashinda kijiti kimoja cha 4GB. Upana wa njia unakuwa maradufu. Fungua kasha, puliza vumbi, futa ile krimu iliyokauka kati ya prosesa na kipoza joto, paka mpya kiasi cha punje ya harage dogo. Prosesa ikipata joto inajipunguza mwendo, na watu wanalaumu mchezo.

Anayetaka kuvuka dari ya OpenGL anunue kadi fupi ya GT 710. Inakula wati 19 na haihitaji waya wa umeme wa ziada. Angalia kasha kwanza: OptiPlex 780 ile ndogo kabisa haina nafasi ya kadi. Na hata kadi ikikaa, prosesa ni ileile ya nyuzi mbili, msitarajie miujiza kwenye matoleo mapya.

Kalamu ya Eastlands
Basi mimi nabaki na sharti moja. Shule yenye mashine za kizazi cha nne cha Intel, intaneti ya kudumu na akaunti zilizolipiwa, isizuiwe kutumia Minecraft mpya kwa miradi ya mipango miji. Ila shule ya mfano wa Mratibu haimo humo.

Mratibu wa Maabara
Nimewaelewa, na kwa mashine 12 zile naona Luanti. Limebaki jambo ambalo hakuna aliyeligusa: shule ambazo tayari zina dunia za Minecraft za wanafunzi wa mwaka jana. Msiwaahidi kwamba majengo yao yatahama yalivyo, maumbo ya faili ni tofauti. Hamieni likizoni, muhula ukianza dunia mpya iwe imeshafunguliwa, na ile ya zamani ibaki kwenye mashine moja kwa mchezaji mmoja, wanaotaka kupima jengo lao tofali kwa tofali walijenge upya upande wa pili.