DNA ya mrehani inatoka kahawia na inanata, nakosea wapi?

mchumajani: Wakuu naombeni msaada. Nina mirehani miwili, kwa macho naona inafanana tu, ila ukisugua jani mmoja unanukia karafuu na mwingine kafuri. Nikataka nitoe mafuta kwa mvuke afu nipime na vinasaba nijue ni spishi moja au mbili. Mafuta nikapata matone tu, yale mabaki ya majani nikayasaga nikaendelea na CTAB (ile sabuni ya kutolea DNA ya mimea), kilichotoka ni kitu cha kahawia kama kamasi hata pipeti haivuti. Shida nini?

Kinu_na_Mchi: Hahaha umeshapika ndo unatafuta DNA? Joto la saa nzima linaikatakata vipande vipande. Kwenye mafuta nako usihangaike, DNA haipandi na mvuke, kinachopanda ni molekuli ndogo zinazoruka. Kabla hujawasha moto chuma majani machanga ya kileleni mawili matatu uyaweke kwenye silika jeli (zile chembe za kufyonza unyevu) yakauke, hayo ndo ya DNA, mengine yote mtungini. Matone usishangae, mrehani mbichi mara nyingi haufikishi hata asilimia 1 ya mafuta.

bibi_bafa: Kahawia hiyo ni polifenoli, kemikali za mmea wenyewe, ukisaga zinakutana na hewa zinageuka kama ndizi iliyomenywa, afu zinaing'ang'ania DNA. Tia PVP (unga unaozinasa hizo polifenoli) kwenye bafa, yaani ule mchanganyiko wako wa CTAB. Ule ute ni sukari ndefu za mmea, pandisha chumvi ifike kama 2 M (moli 2 kwa lita) kabla ya ethanoli ya kuangusha DNA, hizo sukari zitabaki kwenye maji. Na ukipima usafi wa DNA kwa mwanga inaofyonza, usifurahie uwiano wa nanomita 260/280 wa 1.8 peke yake, cheki na 260/230, uchafu wa mrehani unajificha hapo.

Mvumbasi: Mi ningeanza na macho. Geuza jani, Ocimum kilimandscharicum ndo yenye kafuri na ina vinyweleo mpaka inaonekana kijivu. Harufu ya karafuu ni kemikali ya yujenoli, inaweza kuwa Ocimum gratissimum, ila harufu isikudanganye maana gratissimum hiyohiyo nyingine ina thaimoli, na Ocimum basilicum iko ya linaloli iko ya estragoli, zote kemikali za harufu tofauti. Na nyuki wanachanganya chavua za spishi hatari! Unayoipenda ipande kwa kipande cha shina, mbegu itakuletea mambo mengine.

mchumajani: Nimegeuza sasa hivi, la kafuri lina manyoya kweli, sijui sikuliona vipi. Kesho nachuma machanga.

Kinu_na_Mchi: Andika pakiti kabla hujachuma, yakishakauka yote yanafanana.