Dirisha lisilo na kitufe cha kufungia: GNOME na KDE mtaelewana lini?

Wanajamvi, salaam. Ninaendesha steshenari hapa Mtwara mjini, kompyuta zote zikiwa za Linux zenye GNOME (hiyo na KDE ni mifumo miwili mikubwa inayochora madirisha na menyu za Linux kwenye skrini), na uvumilivu wangu kuhusu sura za madirisha yake umekwisha.

Karani wa chama cha msingi cha korosho alikuja kuandaa taarifa ya mnada. Dirisha la kuandikia lilikuwa jeusi kama nilivyolipanga, la mafaili lilikuwa na upau mnene uliobeba mpaka kitufe cha kutafutia, na lile la kutazamia stakabadhi lilifunguka jeupe, bila upau wala alama ya X, asijue alishike wapi. Akaniuliza, "Kaka, hili nalifungaje?" Ikabidi nimwelekeze abonyeze Alt na F4, huku foleni ikisubiri. Ninyi mnaosema kwamba haya ni mambo ya urembo tu mnakosea sana.

Chanzo kinajulikana. Tangu toleo la 3.10 la GTK (maktaba ya kuundia madirisha ya programu za GNOME) la mwaka 2013, programu za GNOME hujichorea zenyewe upau wa juu, ilhali KDE humwachia msimamizi wa madirisha, yaani programu inayoyapanga madirisha yote kwenye skrini, kazi hiyo. Kwenye Wayland, mfumo ambao programu za Linux huutumia kuonyesha madirisha yake kwenye skrini, ipo itifaki (kanuni ya mawasiliano) ya xdg-decoration, ambayo kwayo programu huomba ichorewe fremu. KWin, msimamizi wa madirisha wa KDE, inaitekeleza, ila Mutter, mwenzake wa GNOME, haiitekelezi, kwa hoja kwamba kila programu ijichoree. Kwa hiyo programu isiyojua kujichorea hubaki uchi, bila upau, au msanidi wake alazimike kuiongezea maktaba ya kuichorea upau kama libdecor.

Mwaka 2022, GNOME 42 ilipohamishia programu zake kwenye libadwaita, maktaba yenye sura yake maalumu, mandhari (rangi na mitindo ya madirisha) tulizozichagua wenyewe zikaacha kufuatwa. Ninakubali kwamba baadhi ya mandhari zilikuwa zikiharibu programu na lawama zikawaangukia wasanidi wasiohusika. Hata hivyo, chaguo la rangi nyeusi limekwisha kuwekewa mpangilio wa pamoja unaosomwa na programu za GTK na za Qt (maktaba inayotumiwa na KDE), maana yake wakitaka kuelewana wanaelewana.

Ninachodai ni kwamba Mutter iikubali xdg-decoration, ili dirisha lisilo na upau lipewe upau. Programu za GNOME ziendelee kujichorea zipendavyo, hakuna atakayezizuia. Hadi hapo, kompyuta zinazotumiwa na wateja wangu nazihamishia KDE, na mwenye steshenari Lindi au Masasi anayekutana na kero hii namsihi afanye vivyo hivyo.