Tupeane uzoefu: "happily" si "kwa furaha" kila mahali

Ndugu wanajamvi, kamusi nyingi za shule hulimaliza neno hili kwa maneno mawili, "kwa furaha", na hapo ndipo matatizo huanzia. Walimu, wafasiri na wakalimani, karibuni tupeane uzoefu.

Naanza mimi, ninayehariri habari zinazofasiriwa kutoka Kiingereza. Niliwahi kuletewa taarifa ya basi lililopinduka, yenye sentensi hii: "Kwa furaha, abiria wote walinusurika." Ungedhani walitoka madirishani wakicheka! Neno hili likitangulia sentensi na kufuatwa na mkato, halielezi tena namna kitendo kilivyofanyika, bali hubeba hisia za msemaji kuhusu jambo zima, na kwetu hapo husemwa "kwa bahati nzuri". Wala si ajabu, kwa kuwa mzizi wake, "hap", ulimaanisha bahati, na "happy" yenyewe ilikuwa ya mwenye bahati kabla ya kuwa ya mwenye furaha.

Mwalimu wa sekondari: Mimi huandika ubaoni "He did not die happily", kisha chini yake "Happily, he did not die", halafu nauliza msiba uko wapi. Darasa hubishana mpaka mmoja agundue kwamba katika sentensi ya kwanza mtu amekufa na kinyongo chake, ilhali katika ya pili yu hai. Tangu hapo hakuna anayeudharau mkato.

Mfasiri wa hadithi za watoto: Kwangu halina taabu. Mwisho wa hadithi ni "wakaishi raha mustarehe", kama bibi zetu walivyotuachia, na anayeandika "wakaishi kwa furaha milele" anajichosha bure.

Mkalimani: Kwenye kikao kimoja mgeni alisema kwamba angegharamia kisima "happily", iwapo bodi yake ingeridhia. Mwenzangu akatangaza kuwa mgeni atalipa kwa furaha, wenyeji wakapiga makofi, na kabla ya chai mzee mmoja alikuwa ameshauliza fedha zitaingia lini. Neno hilo likiambatana na "would" huonyesha utayari wenye sharti ndani yake, kwa hiyo mimi husema "asingeona taabu kulipa, endapo bodi itakubali", na sharti hulitamka polepole kuliko ahadi.