Vile vioo vidogo vya duara vya kubandika kwenye saiti mira ya pikipiki, vinasaidia kweli au ni urembo?

Mpanda Boxer wa Kisasa

Mbukwenyi wakuu. Naenda moja kwa moja kwenye mada.

Natembelea Boxer 150 hapa Dodoma, kila siku Kisasa hadi Mtumba na kurudi jioni. Shida yangu ni shingo. Upande wa kulia ikifika nusu inagoma, na si ya kulalia vibaya, ni ya miaka. Kushoto iko sawa. Sasa kwa nchi inayoendesha kushoto, anayekupita anatokea kulia, yaani upande ule ule mbovu.

Ninapobanwa ni pale ninapotaka kusogea katikati ya lami nikate kulia. Nawasha indiketa, naangalia kioo, naona peupe, kwa mbali kuna kifuso kinakuja. Naanza kusogea, mara shangingi hilo ubavuni, honi juu. Kwenye kioo halikuwepo kabisa. Na kwa upepo huu wa mwezi wa saba, ukiwa ndani ya helmeti husikii injini ya mtu mpaka awe ameshakufikia.

Juzi pale Majengo nimekuta jamaa anauza vile vioo vidogo vilivyobinuka, upana kama sentimita 5, elfu tano jozi. Unabandika juu ya kioo kikubwa. Kwenye magari naviona sana, kwenye pikipiki sijawahi kuona mtu anavyo. Aliyewahi kutumia anipe uzoefu kabla sijatoa hela. Na kama ni vya kubandika, vinakaa kona gani?

Vumbi la Bahi

Nunua bajaji mkuu, angalau ina ukuta.

Zabibu Kavu

Mimi ninavyo kwenye TVS. Kusema kweli kushoto vinanisaidia kuliko kulia, maana bodaboda wa mji huu wanapenyea upande wa mtaro. Foleni ya jioni unaona kitu kinacheza kwenye kile kidogo, unajua kuna mtu anakuja, unatulia. Ila usiku ni mtihani. Unaona kanukta ka mwanga tu, hujui ni pikipiki au ni gari lenye taa moja. Faida yake ni kwamba mwanga haukuchomi macho kama wa kioo kikubwa.

Fundi Chang'ombe

Mleta uzi, kabla ya elfu tano tuanze na vioo ulivyonavyo. Pikipiki nyingi zinazoletwa kwangu, dereva akikaa anaona bega, kiwiko na nusu ya shati. Hiyo ni robo ya kioo imekwenda bure. Wengine ndiyo wamegeuza kioo wajiangalie ndevu, na wengine wameng'oa kabisa ili wapenye kwenye foleni, hao tuwaache.

Zungusha kioo nje mpaka kiwiko kibaki kidogo sana kwenye ukingo wa ndani. Ukikosa kiwiko kabisa utashindwa kujua kioo kinaelekea wapi. Mstari wa upeo, pale barabara inapokutana na mbingu, uwe katikati au juu kidogo ya katikati. Watu wengi wakishafanya hivi wanaona njia ya kulia nzima na hawarudi tena kuniuliza habari za kubandika.

Ukiamua kubandika, usifuate mtindo wa magari wa kuweka kona ya juu ya nje. Kioo cha gari kina eneo la kutosha, cha Boxer hakina, na kona ile ya nje ndiyo inayokuonyesha anayekuja kukupita. Weka chini upande wa ndani, pale pale panapokaa kiwiko. Chukua vile vyembamba visivyochezeka. Vile vyenye kishingo cha kugeuza vinalegea, na lami yetu ikiisha ukaingia vumbini kinaangalia mbingu.

Futa kwa spiriti kwanza, kausha, bandika, gandamiza, halafu usioshe pikipiki siku hiyo. Vumbi la Dodoma likiingia chini ya ile gundi ya pande mbili, kioo utakiokota Ihumwa.

Vumbi la Bahi

Fundi umemwaga nondo. Nafuta kauli ya bajaji.

Ticha wa Nuru

Naomba niongeze upande wa fizikia, maana hapa ndipo watu wanaumia. Kioo mbinuko kinakuonyesha eneo pana kwa kupunguza ukubwa wa kila kitu. Kitu kikionekana kidogo, akili inasema kiko mbali.

Chukua mfano. Kioo kikubwa cha pikipiki kwa kawaida nacho kimebinuka kidogo. Tuseme mbinuko wake ni kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha mita 1.2, na jicho lako liko sentimita 60 kutoka kwenye kioo. Lori lililo mita 20 nyuma yako litaonekana dogo kama lililo mita 40. Sasa weka kile kidogo, mbinuko mkali, nusu kipenyo sentimita 30. Lori lile lile, mita zile zile 20, linaonekana kama liko mita 100. Piga hesabu kwa kanuni ya kioo, fokasi ni nusu ya nusu kipenyo, kisha linganisha ukubwa wa taswira na umbali wake kutoka jichoni, utapata hivyo hivyo.

Ukiwa na spidi 50 na shangingi linakuja na 110, tofauti ni kilomita 60 kwa saa. Mita 50 linazimaliza kwa sekunde 3. Kwenye kioo kidogo lilikuwa punje.

Kwa hiyo kile kidogo kitumie kujua kama kuna mtu au hakuna. Ukiona chochote mle ndani, umbali wake kaupime kwenye kikubwa, na kama kwenye kikubwa hakipo, basi kiko ubavuni kwako. Usikate.

Transiti Kigali

Mimi niko juu ya semitrela, nasoma tu. Ticha yuko sahihi, ila ninyi mnaongelea macho yenu tu. Na sisi tuna yetu. Ukinisogelea mlango wa kushoto sikuoni. Ukisimama mbele ya bampa kwenye mataa sikuoni, hata uwe na vioo kumi.

Halafu kuna hili bodaboda wengi hawalijui. Malori mengi ya Rwanda, Burundi na Kongo yana usukani kushoto, kwa sababu kwao wanaendesha kulia. Kwenye barabara yetu dereva huyo anakaa upande wa mtaro. Wewe unampita kwa kulia, ambako ndiko mbali naye na ndiko asikoona vizuri. Kabla hujampita angalia kioo chake cha kulia. Kama huoni uso wake mle, jua naye hakuoni. Baki nyuma, piga taa, subiri.

Dada wa Mazoezi

Mimi kazi yangu ni fiziotherapia, kwa hiyo sitaki kuzungumzia gundi. Kaka, shingo ya miaka isiyozunguka upande mmoja ikaangaliwe, hasa kama mkono wa upande huo unakufa ganzi au unapoteza nguvu. Hilo la kwanza.

La pili, barabarani usilazimishe shingo, zungusha kifua. Legeza viwiko vyote viwili kwanza, kisha bega la kulia lirudi nyuma pamoja na kifua, kichwa kitafuata chenyewe. Ukikaza mikono, usukani unafuata kifua na pikipiki inahama kabla hujaamua. Kafanyie uwanjani, mwendo mdogo, hadi pikipiki inyooke huku wewe umegeuka.

Na kuna njia nyepesi zaidi: inamisha kichwa mbele kuelekea kioo cha kulia, kama unayetaka kusoma kitu kilichoandikwa pale. Jicho likisogea, eneo linaloonekana kwenye kioo nalo linahama. Unaweza kuona gari ambalo nusu sekunde iliyopita halikuwepo, na shingo hujaizungusha hata kidogo.

Mpanda Boxer wa Kisasa

Wakuu, nimesoma yote. Hili la kuinama nimelijaribu hapa nje kwenye pikipiki iliyosimama, aisee gari la jirani limetokea kwenye kioo kutoka hewani. Dada, ganzi haipo, lakini kliniki nitaenda. Fundi, kioo changu kikipata spidi 70 kinatetemeka mpaka taa za nyuma zinakuwa mistari. Hapo kile kidogo kitaona nini?

Zabibu Kavu

Hapo hakitaona kitu. Changu nacho kilikuwa hivyo, ilikuwa nati ya shina la kioo imelegea.

Fundi Chang'ombe

Ndiyo, anza na nati chini ya shina, spana namba 14 kwa pikipiki nyingi. Wenye Yamaha angalieni, kioo cha kulia kinafunguka kinyume, msije mkakata nyuzi. Nati ikiwa imekaza na bado inatetemeka, tunaangalia bolti za usukani na za injini. Shina refu nalo linazidisha mtetemo, kwa hiyo usikimbilie kununua refu eti uone mbali.

Mpanda Boxer wa Kisasa

Jumamosi upo?

Fundi Chang'ombe

Nipo kuanzia saa tatu. Njoo na helmeti yako na begi unalobeba kila siku, uvae kama unakwenda kazini. Vioo haviwekwi sawa pikipiki ikiwa kwenye stendi. Utakaa juu, mtu aishike wima, kijana wangu atatembea kutoka nyuma yako kuja ubavuni kulia. Utaniambia anapotea wapi na anatokea tena wapi. Hapo ndipo tutajua kama cha kubandika kinahitajika. Usikinunue kabla.