Ushauri: tumegaiwa mvinyo wa Cabernet ya mlimani kutoka California, hoteli yetu ichukue au iache?

Mtu wa Stoo
Asalaam alaykum wana jamvi. Mimi ni mtu wa manunuzi kwenye hoteli ndogo huku Matemwe. Mvinyo mwenyewe situmii, na naomba mjadala huo tusiufungue, nyumbani nimeshausikia wa kutosha. Kazi yangu ni kuhakikisha kinacholipiwa kinafika na kinafaa.

Kisa chenyewe: mgeni wetu mmoja Mmarekani alituunganisha na familia inayolima zabibu mlimani huko Napa. Ni mume, mke na watoto wao. Madukani hawauzi. Jina lako linakaa kwenye orodha yao, mzigo ukiwa tayari wanakuandikia kwamba umegaiwa chupa kadhaa, ukinyamaza anapewa mwengine. Sisi tumegaiwa sita za Cabernet Sauvignon, mvinyo mwekundu wa zabibu za jina hilo, tatu za mavuno ya 2020 na tatu za 2021, dola 140 kila chupa kabla ya usafiri. Bosi ameshaziweka kwenye menyu ya Disemba kichwani mwake. Mimi nikiitazama bei nashikwa na kizunguzungu. Huo "uchache" ni kweli au maneno ya biashara tu? Na zikifika, nitajuaje kama zimefika salama?

Yakhe wa Bwejuu
Dola 140 chupa moja! Yakhe, mbuzi huyo, na kamba yake.

Kaunta Nungwi
Waalaykum salaam. Uchache unapimika, kaka. Waulize mavuno hayo yametoa mapipa mangapi. Pipa la mwaloni la kawaida ni lita 225, chupa kama 300. Wakikwambia mapipa manane, hizo ni chupa 2,400 kwa dunia nzima, mgao wako una maana. Wakianza kuzungukazunguka, ujue.

Lebo nayo isome vizuri. Neno "mlima" peke yake halikwambii kitu. Tafuta jina la eneo lenyewe: Howell Mountain, Spring Mountain District, Diamond Mountain District, Mount Veeder au Atlas Peak. Kwa sheria ya Marekani, jina kama hilo likiandikwa, angalau asilimia 85 ya zabibu lazima zitoke hapo, na ili uitwe Cabernet Sauvignon, asilimia 75 ziwe zabibu hizo. Ukikuta na maandishi ya Estate Bottled, zabibu zote ni za mashamba yao au wanayoyasimamia wenyewe, na chupa wamezijaza wao.

Sasa nije kwenye linalonitia wasiwasi zaidi kuliko bei. Mlimani mzabibu haunenepi. Udongo mwembamba, mawe tupu, mvua ikinyesha maji yanateremka yote. Zabibu zinatoka ndogo, ngozi nyingi maji kidogo, na ngozi ndiyo inayotia rangi na ukakasi. Mvinyo wa hivyo ukiwa mchanga unakukausha ulimi kama bibo bichi. Wanaoujua wanaulaza miaka kumi na zaidi. Wewe unataka kuufungua ufukweni, mgeni kavaa kaptura, mbele yake pweza wa nazi. Haviendani hata kidogo, samaki anaacha ladha ya chuma mdomoni. Muulize mpishi wenu kwanza: ana mbavu za mbuzi? Ana nyama ya ng'ombe ya kuchoma yenye mafuta yake? Kama menyu ni samaki mwanzo mwisho, pesa hiyo nunueni mvinyo mweupe, tena mtapata makasha.

Mpemba Sacramento
Ndugu yangu, mie mtu wa Wete lakini nnaishi huku, Napa naifika kwa saa moja na kidogo. Hizo tatu za 2020 zisimamishe kwanza. Mwaka ule moto wa radi ulianza Agosti, halafu tarehe 27 Septemba ukawaka mwengine, walioupa jina Glass Fire, ukapanda hadi Spring Mountain na Diamond Mountain. Zabibu za mlimani huchelewa kuiva, kwa hiyo nyingi zilikuwa bado zinaning'inia. Moshi unaingia kwenye ngozi, hautoki kwa kuosha, na mvinyo ukishakaa chupani unaweza kuanza kunukia jivu. Wako waliokataa kabisa kutoa Cabernet ya mwaka ule, wakala hasara.

Sisemi kila 2020 ni mbovu. Waulize mambo mawili: mlivuna lini, na mlipima moshi maabara? Mkulima mkweli hachukii kuulizwa hilo, wameshazoea. Waombe pia wakubadilishie, upewe 2021 zote sita.

Mkato wa Njia
Kwani shida nini? Mgeni akirudi azitie kwenye sanduku lake. Ndege zinaruhusu.

Wakala Malindi
@Mkato wa Njia, ndege inaruhusu, forodha je? Msafiri ana kiasi kidogo cha matumizi yake mwenyewe. Chupa za kuuzwa hotelini ni biashara, zikikamatwa mgeni wa watu ndiye anayebaki uwanja wa ndege anajieleza.

Mtu wa Stoo, leseni yenu ya kuuza vileo haikupi ruhusa ya kuviingiza. Tafuteni mwenye leseni ya kuingiza hapa Zanzibar, mzigo uje kwa jina lake, ankara iandikwe bei halisi. Chupa sita zinataka karatasi zile zile za makasha sitini, kwa hiyo subirini muungane na mzigo wake mwengine, gharama igawike. Na mtu asikwambie zitapita posta: posta ya Marekani haipokei pombe.

Disemba isahauni. Kaskazi imeshaanza, na kasha likilala juani uwanjani mchana mmoja tu, umenunua siki ya dola 140. Waombe wawawekee hadi Aprili au Mei, zifike huku kusi imeingia.

Bi Mkubwa Shangani
Mwanangu, wote wanasema usafiri, hakuna aliyekuuliza utaziweka wapi. Mvinyo wa kulazwa unataka nyuzi 13 hivi, usiku na mchana, bila kupanda na kushuka. Usidanganyike na stoo ya chini ya nyumba ya mawe. Ukuta wa chokaa unapoza, lakini haukufikishi huko. Jokofu la mvinyo ni lazima, na liwe kwenye laini ya jenereta. Sisi tuliokuwepo Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika na Unguja ikakaa miezi mitatu gizani, tunajua umeme wa kisiwa.

Zikifika, kabla hujatia saini, zitoe moja moja. Pitisha kidole juu ya kofia ya chupa. Kizibo kikiwa kimejisukuma juu, au kuna utepe wa mvinyo mkavu unaonata shingoni, hiyo imepikwa njiani. Piga picha, andika kwenye karatasi ya kupokelea, ndipo utie saini.

Kaunta Nungwi
Bi Mkubwa kamaliza. Niongeze moja: kama bosi anachotaka ni Cabernet ya mlimani kwenye menyu, na si jina la Napa, Stellenbosch wanalima kwenye miteremko ya Simonsberg na Helderberg. Ziko familia ndogo huko pia, Afrika Kusini si mbali, na bei bosi atalala usingizi.

Mtu wa Stoo
Ahsanteni sana. Nimewaandikia, wamejibu siku ya pili. Za 2020 walivuna sehemu moja tu kabla ya moto, majibu ya maabara wameniambatanishia, lakini wamekubali kubadilisha. Basi 2021 sita, wanatuwekea hadi Aprili. Bosi kanuna kidogo, Disemba tutaweka ya Stellenbosch. Jokofu ameridhia baada ya kumsomea maneno ya Bi Mkubwa. Mhudumu wangu ana swali: siku ya kufungua, si unaandaliwa joto la chumba?

Kaunta Nungwi
Chumba cha Ulaya hicho, kaka. Cha Matemwe ni nyuzi 30, utamchemshia mgeni. Nyuzi 16 hadi 18. Mgeni aagize asubuhi kwa ajili ya usiku, chupa isimamishwe wima mashapo yatue chini, kisha imiminwe kwenye jagi pana zikibaki saa mbili au tatu kufika chakula. Mwambie mhudumu amimine taratibu, na aache kidogo chini ya chupa.

Mtu wa Stoo
Nimemwandikia ukutani jikoni.