Hita imegoma usiku wa theluji: gumzo la kikundi cha ukoo

Saidi (Minneapolis): Wandugu nani yuko macho, hita ya nyumba imegoma huku, ndani imeshuka mpaka 58 na nje ni -18, hiyo ni Farenhaiti, kwa Selsiasi nje ni kama -28, watoto nimewavalisha masweta mawilimawili na fundi anasema yeye mpaka kesho mchana

Shangazi Tatu (Tanga): Subhanallah. Huku saa mbili asubuhi jua lishaanza kuchoma. Hasi 28 mtu anaishije jamani

Saidi: Shikamoo shangazi. Anaishi kwa hita, na hita ndo hiyo 😩

Shangazi Tatu: Marahaba mwanangu. Si uwashe jiko la mkaa uliingize sebuleni, sisi Lushoto mbona tulikuwa tunaota moto kila siku

Rama (Columbus): Shikamoo shangazi, samahani nakukatiza. Saidi USITHUBUTU. Si mkaa, si oveni ya gesi kuiacha mlango wazi. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo, ile kaboni monoksaidi haina harufu haina rangi, mnalala wote hamuamki

Mama Nuru (Dar): Hata huku mkaa chumbani unaua kila siku tunasikia. Na nyie Tatu Lushoto mlikuwa mnaota jikoni, lile jiko la uani, upepo unapita huku na huku

Shangazi Tatu: Haya nimekoma 😅

Rama: Saidi kabla ya yote, unasikia harufu ya gesi? ile ya yai viza

Saidi: Hakuna. Na alamu ya kaboni nimeibonyeza imelia, iko hai

Rama: Safi. Ungesikia harufu ningekwambia beba watoto utoke, usiguse hata swichi ya taa, simu upigie huko nje. Haya sasa niambie inafanyaje. Usiniambie "haiwaki", kutowaka kuko kwa aina nyingi. Shuka besimenti, chumba cha chini ya nyumba, mtu mmoja apandishe themostati, kile kidude cha ukutani cha kupangia joto, mpaka 75, wewe simama mbele ya fanesi, yaani hita yenyewe, usikilize tu

Mariamu (Minneapolis): Mi niko kwenye themostati. Betri nimebadilisha jioni, haikuwa shida. Filta nayo tumeitoa ilikuwa nyeusi tiii, tumeweka mpya, bado

Rama: Shem umefanya la maana, filta ikiziba fanesi inapata joto kupita kiasi inajizima. Saidi vipi

Saidi: Feni ndogo inaanza kuunguruma, inazunguka weeee, hakuna tiki, hakuna mwanga mwekundu, halafu inanyamaza, inakaa, inaanza tena vilevile

Musa (Winnipeg): Hiyo sensa ya moto bro, yangu mwaka jana ilikuwa hivyo hivyo, fundi akachomoa kijiti fulani akakisugua na stiliwaya kikawaka

Rama: Yako Musa ilikuwa inawaka kwanza?

Musa: Ee inawaka sekunde 3, 4, inazima

Rama: Basi sio hii. Sikilizeni maana huu mfuatano ndo kila kitu. Themostati inaomba joto, feni ndogo inaanza kuvuta moshi kuutoa nje, ikivuta vizuri kuna presha swichi inajifunga kuiambia bodi, ile saketi inayoiongoza fanesi, kwamba njia iko wazi, hapo ndo kiwashio kinapata umeme kinawaka chekundu, kinakaa kidogo, valvu inafungua gesi, moto unashika, na ile sensa inathibitisha moto upo, inapitisha umeme kidooogo, mikroampea chache tu, ikishika uchafu bodi inadhani hakuna moto inafunga gesi, hiyo ndo ya Musa. Saidi yeye amekwama kabla hata ya kiwashio. Feni inavuta ila bodi haijapewa ruhusa

Saidi: Nifungue mlango wake?

Rama: Ngoja. Mlangoni kuna kadirisha kadogo, chungulia taa ya bodi inakonyeza mara ngapi. Ukifungua mlango kuna swichi inakata umeme na hiyo namba ya hitilafu inaweza kufutika. Soma kwanza, NDO ufungue uone karatasi iliyobandikwa kwa ndani, kila kampuni ina namba zake usije ukagugo za watu

Saidi: Mara 3, inapumzika, mara 3. Karatasi inasema 3 ni presha swichi imebaki wazi. Kwa hiyo ninunue presha swichi? Naona mtandaoni bei sio mbaya

Rama: Usinunue kitu. Mara nyingi swichi inasema kweli, njia ya hewa ndo imeziba. Fanesi yako ina paipu mbili nyeupe za plastiki zinatokea ukutani?

Mariamu: Ndio upande wa kaskazini. Na theluji imemwagika tangu jana na upepo juu, huko imerundikana mpaka usawa wa dirisha

Rama: 🙌 Shem umemaliza. Zima swichi ya fanesi, ile ya ukutani inafanana na ya taa, kisha mmoja akachimbe. Karibu na paipu tumieni mikono, koleo linapasua plastiki. Na msimwage maji ya moto yataganda humohumo

Shangazi Tatu: Saa tano usiku mtoto wa watu atoke nje kwenye baridi hiyo??

Mama Nuru: Kofia Saidi!! na glavu

Mariamu: Kashatoka mama, kajifunga kama ninja

Musa: Rama na kama paipu zikiwa safi?

Rama: Basi ningeangalia kale kamrija ka mpira kanakoenda kwenye presha swichi, kanaweza kuwa na maji au ufa. Na mrija wa kutolea maji, hizi fanesi zenye ufanisi wa asilimia 90 kwenda juu zinatoa maji kwenye moshi, mrija ukiziba au ukiganda maji yanarudi ndani. Kiwashio ndo kingefuata kama feni na presha viko sawa ila hakuna mwanga, kile kina tabia ya kupasuka na hukishiki kwa vidole. Valvu ya gesi mimi mwenyewe sigusi bila vipimo. Na nisisikie mtu ameunga waya kuiruka presha swichi, nimekuta nyumba wamefanya hivyo, moshi unarudi ndani walipo watoto

Saidi: Nimerudi, sisikii masikio. Paipu moja ilikuwa imezikwa kabisa na mdomoni ina barafu, nimeibandua. Nimesafisha kama futi 3 kila upande

Rama: Rudisha mlango, hakikisha umekaa maana usipokaa haiwaki ng'o. Washa

Saidi: Feni ndogo... tiki... KIMEWAKA CHEKUNDU... wuuf!! moto wa bluu wote

Rama: Usishangilie, uko bado?

Saidi: Bado. Feni kubwa nayo imeanza, hewa inatoka, mwanzo baridi sasa vuguvugu

Shangazi Tatu: Alhamdulillah 🤲🏾

Mariamu: 61 sasa hivi. Rama shemeji yangu Mungu akuzidishie

Rama: Amin shem. Upepo bado unavuma hapo kwenu, kabla ya kulala Saidi akazichungulie tena na asubuhi pia. Makabati ya chini ya sinki acheni wazi na bomba lidondoke kidogo mpaka nyumba ipate joto, paipu ya maji ikipasuka hiyo bili ni nyingine. Na fundi msimkatalie, aje asugue sensa na apime gesi

Musa: Mi naenda kuangalia zangu sasa hivi

Shangazi Tatu: Rama mwanangu ukipata nafasi, friji langu linavuja maji chini tangu juzi

Rama: Shangazi huku saa saba kasoro usiku 😂 nitumie video